Jogoo wa Keziah

Jumatatu, 28 Agosti 2023
Kamati imeamua. Jumapili kanisani, siku ya koo zetu kurudi nyumbani, kisa cha Bibi Keziah, chimbuko la ukoo wetu, atasimulia Odessa. Si mimi! Miaka thelathini na moja nimesimulia mimi, kwa sababu Biblia ya ukoo inakaa kwangu, na anayeitunza ndiye msimulizi. Lakini huyu binamu yangu kaandika kitabu cha kisa hicho, na watoto wa Ontario nzima wanalala nacho.

Mzee Garnet wa kamati kanipigia simu. "Usikasirike, dada. Watoto wanamtaka mwenye jogoo."

Mwenye jogoo!

Jumatano, 30 Agosti
Nimekisoma tena. Kizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Keziah ana miaka tisa, anatoroka utumwani Kentucky na mama yake. Jogoo yumo kwenye gunia, mdomo umefungwa uzi asije akawika wawindaji wa watumwa wakasikia. Wanavuka mto, wanafika Kanada, anafungua uzi — jogoo anawika. Nimelia. Mpumbavu mimi, nimelia kwa maneno yangu mwenyewe.

Maana jogoo hakuwapo. Nilimbuni mimi, 1978, jikoni kwa mama. Odessa ana miaka saba, jino linamuuma, tunasubiri gari la kumpeleka kwa daktari. Nilikuwa namnyamazisha tu. Kwenye Biblia, pale wazee walipoandika habari za ukoo, kuna mstari mmoja: Keziah, miaka tisa, kafika na mama yake, Novemba 1853. Basi. Na Odessa kaandika ukurasa wa mwisho kwamba kila kitu humo kiliupata ukoo wake kweli.

Jina langu halimo, hata kwenye shukrani.

Naona wivu. Haya, nimeandika.

Ijumaa, 1 Septemba
Odessa kaja na pai ya mapichi.

"Dada Verlene, bado umenuna?"

"Nani kanuna? Weka mezani."

Kumbe ana shida. Mwalimu mmoja kamwandikia: ushahidi wa jogoo uko wapi? Wakikuta si kweli, kitabu kitaondolewa kwenye masomo ya historia. "Nimemjibu kwamba dada yangu anayo Biblia. Yumo humo, si ndiyo? Ulinisimulia wewe."

Nikakata pai. Nikaanza kula. Uso ulimshuka, nami nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Jumapili, 3 Septemba
Kanisani, benchi la nyuma, Biblia mapajani. Naandika hapa hapa, daftari juu ya Biblia. Kengele imepigwa, pigo moja kwa kila ukoo uliofika huru. Odessa anasimulia. Anaharakisha! Pale kwenye uzi mimi hunyamaza kwanza, watoto wakabana pumzi. Yeye kapita tu.

Leo nitasema. Akimaliza tu nasimama: jogoo ni wangu.

Amemaliza. Msichana wa benchi la mbele, jogoo wa karatasi mkononi: "Jogoo aliitwa nani?"

Kitabuni jina halimo. Siku ile ya jino gari lilipiga honi kabla sijalitaja. Ninalo mimi tu, miaka yote hii.

Odessa kageukia huku nyuma. Ananitafuta kwa macho, macho yale yale ya jino. "Muulizeni dada Verlene. Biblia anayo yeye."

Kanisa zima limegeuka. Mtoto anakuja huku nyuma na jogoo wake.

"Bibi, jina lake limeandikwa humo? Nionyeshe."