Jibu la Mzee Taisto

Saija weee, nimeumbuka leo!

Unamkumbuka Mzee Taisto, yule fundi sauna niliyemhoji nyumbani kwake kwa ajili ya kipindi cha redio? Saa nzima! Nikaiamuru kompyuta ikate kila palipo kimya. Zikabaki dakika sita. SITA!

Nami najipongeza eti nimehariri.

Leo kaja studio kusikiliza. Sauti yangu ikauliza, "Unamkumbukaje marehemu mkeo?" Papo hapo yake ikadakia, "Kahawa imepoa."

KAHAWA IMEPOA, Saija!

Mzee akavua hedifoni taratibu. "Binti, jibu langu liko wapi?"

"Hukusema kitu, mzee."

"Nilinyamaza dakika nzima. Hilo ndilo jibu. Umelikata."

Nimelirudisha, nikampelekea bosi. Kasikiliza lote, kanyamaza.

Sasa nimekaa hapa sijui kanijibu nini.