Wasia wa Baba Aliyenilea

Mama Mushauri, nisamehe kukuletea machozi yangu kwenye radio, lakini hapa mtaani Mikelenge, Kindu, sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni Mwanahamisi. Baba Bulaimu, fundi wa kushona wa soko la Kasuku, hakunizaa: wakati wa vita vya 1964 mama yangu alikufa Kibombo, yeye akanibeba mgongoni, kwa miguu, mpaka huku Kindu, akanilea pamoja na mwanawe Matata, akanifundisha kushona, na watu wakiuliza huyu ni wa nani anajibu, "Wangu." Sasa amekufa, arobaini inakaribia, na Mzee Hamadi, rafiki yake wa msikitini, njo anatunza karatasi ya wasia. Nilienda kumuuliza imeandikwa nini, akaniambia, "Mwanangu, nitaisoma siku ya arobaini mbele ya familia yote, na wewe ukuwe pale." Nikafurahi, nikamwambia kaka Matata, naye akainamisha kichwa: "Dada, siku ile usikuye. Nakuomba." Nikamuuliza kwa nini, akaanza kulia, nami nikatoka mbio, na tangu hapo hatusemezani, nabaki kuwaza kama anataka kunitoa katika chumba cha Baba ninachoshonea, ama kama Baba aliandika kwamba mimi si mtoto wake, na hilo linaniogopesha kuliko kukosa chumba. Niende ama nisiende?

Mwanahamisi binti yangu, pole sana. Lakini nitakugombeza kidogo. Kaka yako analia mbele yako, wewe unakimbia! Rudi kwake leo, keti naye, muulize tena, na akilia, ngoja amalize. Yeye pia amefiwa. Pengine anaogopa mashangazi watakuita "mutoto wa kuokota" mbele ya watu. Pengine ana tamaa. Hujui, kwa sababu hukungoja.

Kuhusu wasia, nimemuuliza shehe mmoja. Mtoto wa kulelewa hana fungu katika urithi, lakini mlezi wake anaweza kumwachia kitu kwa wasia, mradi kisipite theluthi ya mali. Kwa hiyo uko na haki ya kusikia. Mwombe Mzee Hamadi asome yote, polepole, mbele ya mashahidi, na akuachie unakili maneno yanayokuhusu. Jina lako lisiposomwa, usigombane na mtu siku hiyo. Baba Bulaimu hakukubeba njia yote ile kwa ajili ya karatasi.

Nenda. Usikae mlangoni kama mgeni, kaa karibu na Matata. Na ukitajwa, hata kwa kitu kidogo namna gani, itika kwa sauti: "Niko hapa, Baba."