Ng'ombe Saba wa Watu

Mama, Baba,

Mgeni alibisha punde tu mlipotoka kwenda soko la Nyaramba, ndiyo maana mmekuta ng'ombe saba wa watu zizini kwetu. Kuni ziko sebuleni. Makochi nimeyafunika, Mama, usinune. Chemsheni maji ya kunywa. ~~Msiniwekee chakula.~~ Niwekeeni, nina njaa.

Mgeni ametoka serikali ya kaunti. Mvua kubwa inafika usiku, na mlima uliopasuka unaweza kuporomoka. Shuleni wameshaweka blanketi na unga, lakini watu wa bondeni walikataa kuhama. Alitaka mtu wa kuwaeleza kwa Kigusii, nikaandamana naye.

Tuliwakuta kwenye kituo cha majani chai, vikapu mgongoni. Mgeni akaanza kusoma orodha ya watakaohamia shuleni, nami nikitafsiri. Nyanya Mong'ina akamkatiza: "Umeandika watu tu. Ng'ombe wangu nimwachie nani, wewe?" Wakacheka, nami nikaelewa kilichowazuia. Nikasema ng'ombe walale huku juu, kwetu na kwa majirani. Wakaanza kufunga mizigo!

Baba, ulisema shahada yangu ya lugha haiwezi kuhamisha hata kuku. Leo imehamisha familia kumi na tisa. Bondeni hakuna mtu.

Nyanya alikuwa wa mwisho. Alitoka nilipomwahidi kwamba mimi mwenyewe nitamkamua ng'ombe wake saa kumi, nimpelekee maziwa. Baadaye ofisi moja ya Keroka ikanipigia: mahojiano ya kazi, leo, saa kumi. Nikawaambia siwezi.

Nimeshakamua. Nampelekea maziwa shuleni sasa, kabla hayajapoa.

Binti yenu,
Nyanchoka