Moto Usiowashwa na Mtu

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Rehani, Bigwa.

Shikamoo Baba. Natumaini kifua kimetulia na baridi ya mlimani haikusumbui sana. Mimi huku Uchina ni mzima, ila na chakula chao bado hatujaelewana. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe hupendi vilio.

Uliwahi kuniuliza nasomea nini hasa. Ni visima vya mafuta vilivyochoka, Baba. Mafuta yamebaki chini, hayapandi, basi hupulizwa hewa hadi huko. Hewa ikiyafikia, mafuta huanza kupata joto yenyewe, taratibu, kama rundo la majani mabichi. Joto likikosa pa kutokea huzidi mpaka mafuta yanawaka, na gesi yake husukuma mengine yapande.

Juzi maabara tulijaza mchanga na mafuta ghafi kwenye bomba la chuma, tukapuliza hewa. Hakuna aliyewasha kiberiti, lakini kipimajoto kilipanda tu. Mwalimu akatuonya tusirundike vitambaa vyenye mafuta, hasa yale ya kupaka mbao, maana hayo hujiwasha upesi zaidi. Nilitoka nje nikakaa chini.

Nilikumbuka karakana yako, na vitambaa vya kupakia makabati mafuta, ulivyokuwa ukivishindilia kwenye gunia nyuma ya mlango kwa kuwa hupendi uchafu. Baba, gunia hilo ndilo lililowaka siku karakana ilipoungua. Kwa kuwa wewe na kaka Hafidhi mlikuwa mmegombana mchana ule, kila mtu alimnyooshea kidole yeye. Aliposhika msahafu akaapa kwamba hakuchoma karakana, aliapa kweli. Wewe ukasema ameapa uongo, ukamnyima radhi, na Mama alipofariki ukamkataza kubeba jeneza. Nilimwona amesimama mbali, ng'ambo ya barabara, analia. Inaniuma mpaka leo.

Sasa nikiri jambo moja. Nilimpigia yeye kwanza, huko Mikese anakoziba pancha. Akaniomba nisikuandikie. Alisema umri wako umekwenda, na ukijua ni mkono wako hutapata usingizi tena. Lawama hiyo ameshaizoea, aachiwe yeye.

Nimemkatalia, na sijawahi kumkatalia kaka yangu neno. Mikese si mbali, Baba. Nenda.

Nisalimie shangazi Maimuna na majirani. Mungu akutunze.

Mwanao akupendaye,
Raya