Efeso na Kichwa Nusu

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Visa zimetoka! Zote tisa. Mama Deborah, mke wa mchungaji, ametangaza kwenye grupu la kanisa saa kumi na moja alfajiri. Dakika mbili baadaye shemasi Athanase alikuwa ameshajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Sijausikiliza. Hakuna aliyeusikiliza. Sote tumeandika Amina.

Basi ni kweli, tunakwenda Uturuki kuona Efeso. Mji wa Wagiriki wa kale, Mtume Paulo alihubiri pale, sasa yamebaki mawe. Huguette, mwenye saluni ninayosukia, ameuliza swali moja tu: kuna kivuli?

Saluni ilijaa leo. Khadeeja wa Sydenham alikuja na kichwa nusu. Aligombana na msusi wake katikati ya kazi, akaondoka na chanuo la watu. Mimi ningemmalizia bila maneno. Huguette akakataa katakata. Akampa chai, akampa biskuti, akamwambia: "Rudisha kichwa kwa mwenyewe." Kwake hiyo ni sheria — anayeanza kichwa ndiye anayekimaliza. Umeme ukikatika tunawasha tochi za simu. Kumalizia kichwa cha mwenzio ni kutangaza mbele za watu kwamba hajui kazi. Miaka kumi na miwili naisikia hotuba hiyo. (Mimi na sheria hiyo — tuyaache.)

Sasa siri. Hapa tu, daftari.

Nimepata chumba cha saluni yangu Morningside. Kidogo, dirisha kubwa, taa nne. Funguo nachukua tarehe moja Oktoba. Jina langu peke yake mlangoni: Félicité. Nimeagiza kiti kimoja, chekundu, kinachozunguka. Anayejua ni Cathy tu wa duka la simu, kwa sababu ndiye aliyenitafutia mtandaoni.

Huguette hajui. Nitamwambia Efeso. Kule hawezi kunirushia sahani, sahani zitakuwa za hoteli.

Sina ugomvi naye, na hiyo ndiyo shida. Ningekuwa na ugomvi ningeondoka mchana kweupe. Nilifika Durban na begi moja, akanilaza kwenye godoro lake, yeye akalala chini. Chanuo langu la kwanza ni lake. Namwita yaya, dada mkubwa, ingawa ananizidi miaka minne tu. Lakini nina miaka arobaini na nane. Nataka kabla ya hamsini niamue mwenyewe TV iwe chaneli gani.

Jumatatu, 8 Septemba

Uwanja wa ndege. Sote tisa tumevaa kitambaa kimoja cha kanisa, bluu na samaki wa njano. Mtu wa mizigo alidhani ni timu ya mpira.

Mizani ikakataa sanduku la Huguette. Kafungua mbele ya watu wote: unga wa muhogo kilo tatu, dagaa, chumvi. Chumvi! Nikamuuliza kama Uturuki hawana chumvi. Akasema hajawahi kuionja. Unga na dagaa vimehamia kwenye sanduku langu. Sasa nabeba siri na dagaa, na dagaa ndio wanaonuka.

Jumatano, 10 Septemba

Tumefika Selçuk, mji mdogo karibu na magofu. Nimewekwa chumba kimoja na Huguette, tena vitanda vimeunganishwa.

Nilijipa moyo. Nikasema, yaya, kuna kitu nataka kukuambia. Akasema sema. Nikavuta pumzi. Akakoroma.

Alhamisi, 11 Septemba

Mungu wangu. Niandike pole pole.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Efeso si magofu madogo, ni mji! Barabara za marumaru zinateleza kama zimepakwa mafuta, nguzo kila upande, ukuta mmoja wa maktaba mrefu kuliko kanisa letu mara tatu. Nilifikiri nitaona rundo la mawe, nikajikuta natembea kwa adabu kana kwamba wenyewe wametoka kidogo tu kwenda sokoni.

Halafu vyoo. Benchi la mawe lenye matundu, moja baada ya jingine, bila ukuta wala pazia. Walikaa hapo wakipiga soga! Mama Deborah alisema yeye mke wa mchungaji hapigwi picha chooni. Baadaye akaomba mbili, moja akiwa na mkoba. Watalii wengine wakaanza kutupiga picha sisi na samaki wetu wa njano. Mzee mmoja akauliza tunaimba saa ngapi. Athanase akajibu kwamba inategemea Roho.

Na paka! Kila nguzo ina paka wake. Nilikuwa na dagaa wa Huguette mkobani, nikabaki nyuma kuwagawia. Nikavua na kile kidude cha sikioni cha kumsikilizia kiongozi wetu wa safari, mama mmoja Mturuki mwenye mwavuli mwekundu. Kosa langu lilianzia hapo. Kwa sababu ya paka!

Nilipowafikia walikuwa kwenye ule uwanja mkubwa wa maonyesho. Nusu duara, ngazi za mawe zinapanda mlimani mpaka shingo inauma. Watu wetu wote walikuwa wameshapanda, wadogo kabisa kule juu. Huguette safu za katikati, anajipepea na ramani. Cathy peke yake alikuwa chini, anaogopa kupanda. Amesimama katikati kabisa, kwenye jiwe la duara. Nikaenda kusimama naye.

Akaniuliza kama nimeshamwambia. Akauliza kwa kunong'ona. Nikajibu kwa kunong'ona. Tulikuwa wawili tu!

Nilisema hivi, nakumbuka kila neno: "Bado. Nitamwambia aje? Duka ni Morningside, funguo tarehe moja, kiti nimeshaagiza. Na nikiondoka, nani atamrekebishia? Macho yake hayaoni tena mistari ya nyuma, Cathy. Akienda kunywa chai, mimi ndiye nafungua na kusuka upya. Mwaka wa pili huu. Hajui."

Kimya kikatanda. Nikadhani ni heshima ya mahali. Nikainua macho. Athanase kule safu ya mwisho amevua kofia. Pascal, anayepiga video kila kitu mpaka chakula, ameshusha simu. Mama Deborah ameshika kifua. Kiongozi akafunga mwavuli, akapiga makofi, akasema kwa Kiingereza, mnaona? Hata mnong'ono unafika juu.

Ndiyo maana Cathy aliwekwa pale! Kiongozi alikuwa amemwambia aseme chochote, watu wasikilize. Cathy naye alidhani anaambiwa asimame apigwe picha.

Walipoanza kushuka, kila mmoja alinipita akiangalia viatu vyake. Athanase alinibana mkono kama kwenye msiba. Huguette akashuka wa mwisho, taratibu, akishika ukuta. Alikuwa bado na kidude chake sikioni. Akaniuliza nimeweka wapi dagaa wake.

Alisikia? Hakusikia? Kidude kilikuwa sikioni, sikio la kushoto. La kulia lilikuwa wazi. Kwenye basi Cathy alisema labda alikuwa anasikiliza historia. Huguette hajawahi kusikiliza historia.

Ijumaa, 12 Septemba

Amekuwa mwema. Naogopa.

Asubuhi amenipa yai lake. Kwenye basi kaniachia dirisha. Huguette! Mtu aliyegombana na dereva wa taxi kutoka Bluff hadi mjini kwa ajili ya dirisha. Wengine wamekuwa wabaya zaidi, wananihurumia. Pascal kila akiniona anakohoa. Athanase ameomba kwenye sala ya asubuhi "kwa ajili ya wote wenye mizigo iliyofichwa", halafu akafungua jicho moja.

Leo makumbusho. Wenzetu walitazama miungu, sisi wawili tulitazama nywele. Kazi zetu hazituachi. Kuna kichwa cha mwanamke wa marumaru, mbele amesukwa mistari myembamba, mawimbi, mafundo juu ya masikio. Huguette alikaribia mpaka pua ikakaribia kugusa. Akasema huyu alikaa kwenye kiti siku mbili. Nikacheka, nikasahau hofu yangu. Tukabishana kama ni nywele zake mwenyewe au za kuongezea. Ilikuwa kama zamani.

Kisha akazunguka nyuma. Nyuma hakuna kitu! Jiwe limeparwa tu, halina hata mstari mmoja.

"Nani aliacha kichwa ya mtu nusu hivi?"

Kiongozi akaeleza kwamba sanamu ilisimama ukutani, nyuma hakuna aliyeiona, hivyo fundi hakujisumbua. Mama Deborah akatafsiri. Huguette akatingisha kichwa kwa muda mrefu.

"Hapana," akasema. "Huyu fundi, macho yake ilichoka."

Hakunitazama. Niliona aibu mpaka miguuni. Si ya duka. Duka ningeweza kulitetea. Lakini miaka miwili nafungua kazi yake akiwa na kikombe mkononi, na kila akirudi anakisifu kichwa, anasema ona hiyo nyuma ilivyokaa. Nami naitikia, ndiyo yaya. Nilidhani namfichia aibu. Nilikuwa naila sheria yake pole pole kama panya.

Jumapili, 14 Septemba

Istanbul, tunangoja ndege. Huguette amelala begani kwangu, mate kidogo. Nilisema tena, yaya, kuna kitu. Akasema bila kufungua macho, utaniambia nyumbani. Nywele zako zimechakaa, nitakusuka Jumamosi kwa ajili ya ibada ya shukrani.

Sijui kama hii ni neema au ni kamba ya kunifunga.

Jumatano, 17 Septemba

Durban. Mvua. Saluni. Peguy, mchoraji aliyetuchora mlangoni miaka ile, amepita kutuuliza kama rangi iguswe upya. Mimi kushoto, Huguette kulia, na pua ndefu ambayo Huguette hajamsamehe Peguy mpaka leo. Huguette akamwambia angoje kidogo, labda mchoro utabadilika. Nikaangusha chupa ya mafuta.

Tena: leo amemaliza kichwa cha mteja, hakwenda kunywa chai. Alikaa. Akamwita mteja karibu na mlango, kwenye mwanga, akapapasa nyuma kwa vidole, mstari kwa mstari. Akafungua minne. Akaisuka upya mwenyewe. Ilimchukua saa nzima.

Amesikia. Amesikia yote. Na bado sijafungua mdomo. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 20 Septemba

Saa tisa mchana. Naandika kwenye kiti cha saluni, daftari mapajani. Niandike haraka.

Alinikalisha saa nne asubuhi. Akageuza bango la mlangoni tuonekane tumefunga — siku ya Jumamosi! Akazima TV. Miaka kumi na miwili sijawahi kuona akizima TV.

Alianza mbele. Mikono yake, sijui nisemeje. Hakuna mikono kama hiyo Durban nzima. Mistari myembamba, mawimbi, akapandisha mafundo mawili juu ya masikio. Nikamtambua kwenye kioo. Yule mwanamke wa marumaru! Anamkumbuka hadi fundo la mwisho. Nikataka kulia. Nikataka kusema. Kila nikivuta pumzi alikuwa ananivuta nywele, makusudi kabisa, naapa.

Alipofika juu ya utosi akasimama. Akachomeka chanuo kwenye nywele zilizobaki. Nyuma yote! Nusu nzima, imetimka. Akavua aproni, akaikunja mara nne.

Nikasema, yaya, na nyuma?

"Nyuma mimi sioni vizuri," akasema. "Si ndio? Watu wote wa Efeso banajua."

Nikaanza — nisamehe, nilitaka kukuambia, nilikosa pa kuanzia. Akaniacha niseme yote, Morningside, dirisha, tarehe moja, vichwa vyote nilivyovifungua. Nililia. Yeye hakulia. Akaweka maji ya chai.

Nikamwambia basi malizia, kesho kuna ibada, Mama Deborah amenipanga kutoa ushuhuda mbele. Akasema ndiyo, atamalizia, kichwa ni chake, amekianza. Ila hapa mwanga ni mbaya. Atamalizia Morningside.

Nikasema, yaya, funguo ni tarehe moja. Leo ni tarehe ishirini!

"Najua. Nilisikia vizuri. Sikio yangu haina shida."

Siku kumi na moja na kichwa nusu! Hakuna msusi Durban atakayenigusa, wote wanaijua sheria ya Huguette, nusu yao aliwafundisha yeye. Na mimi mwenyewe nyuma sifiki. Nimetafuta kitambaa cha kujifunga. Amevificha. Vyote.

Sasa anafagia. Nywele zangu za zamani anazikusanya mlangoni, anaimba wimbo wa kwaya, sauti ya pili, ile ninayoimba mimi. Hakunikasirikia kama nilivyoogopa. Au amenikasirikia zaidi ya nilivyoogopa. Simjui ghafla, mtu ninayemjua kuliko wote.

Ameacha kufagia. Amenipa mgongo, anatazama barabara.

"Kule iko taa ngapi?" ameuliza.

Nimesema nne.

Amegonga ufagio ukutani kuukung'uta.

"Na viti? Uliagiza viti ngapi?"

Hajageuka. Niliagiza kimoja tu. Kwenye kioo naona uso wangu, mbele malkia, na nyuma ya bega langu naona mgongo wake na ufagio umesimama. Anangoja.