Chuma Ambacho Hakikupasuka

Gisenyi, Rubavu
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia kwa sauti, basi marahaba yako naibuni mwenyewe, kama nilivyozoea tangu ugonjwa ukushike. Veronika aliniambia mguu wa kulia umeanza kukanyaga chini, ila mkono ndio bado umelala. Je, chakula kinapita? Yule mama wa kukukanda bado anakuja, au mvua za Tabora zimemzuia? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mzito, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu nasikia pumzi zako tu, nami naishia kukueleza habari za mvua mpaka salio linakwisha. Barua hii anakuja nayo dereva wa lori, jirani yetu, na atakusomea Veronika. Dada, nakuomba usome yote. Usiruke mahali, hata ukikasirika.

Kazi huku imepoa. Gereji yetu iko kwenye barabara inayopanda kutoka Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Kongo, na zamani nusu ya magari tuliyotengeneza yalikuwa ya watu wa Goma. Tangu mambo ya upande ule yaharibike, akina mama wenye vitunguu na karoti wanavuka kwa miguu siku wanayoruhusiwa, lakini magari ni ya kuhesabu. Kuna siku tunafungua, tunafagia, tunakaa. Mvua haikatiki, nguo zinanuka unyevu, na mimi nina ovaroli mbili tu. Wenzangu wananitania kwamba Kiswahili changu ni cha redio. Nikisema "naomba spana" wanajibu kwa pamoja, "Hapa ni idhaa ya taifa." Nacheka nao. Jioni nikirudi chumbani sicheki tena.

Sasa nikueleze jambo lililonifanya nishike kalamu.

Wiki mbili zilizopita aliingia mzee mmoja, mwalimu mstaafu, katika wale waliokulia Kongo wakarudi. Anaishi Nyakiriba na mke wake. Gari lake ni la kizamani, rangi ya krimu, taa za mviringo, umri mmoja na lile lako. Nililisikia likiwa bado chini ya kilima. Kabla sijafungua boneti nilijua limevalishwa heda.

Veronika, wewe hukupenda kushika grisi, basi nikufafanulie. Gari linapotoka kiwandani, moshi wa injini unakusanywa na manifoldi, pande zito la chuma cha kumimina. Heda ni mabomba manne membamba ambayo watu hununua baadaye na kuyafunga badala yake, gari lipige kelele na kuonekana lina nguvu. Ni nyembamba, zinapata moto kupita kiasi, na bolti zake hulegea kila mara. Baba anajua, hata usipomsomea hapa.

"Fundi, hii gari inanichosha," Mwalimu aliniambia. "Asubui na baridi haitaki kuwaka. Moshi inaingia ndani, bibi yangu anakohoa mupaka kanisani."

Nikamuuliza manifoldi yake ya mwanzo ilienda wapi.

"Bon, ile iko nyumbani. Inashikilia mulango ya kuku. Lakini ilipasuka. Fundi wangu wa Goma alinionyesha na macho yangu, tangu zamani sana."

Nikamwambia ailete tu, niitazame. Kesho yake akaileta kwenye gunia, ina kinyesi cha kuku na kutu. Niliisugua kwa brashi ya waya nikaiosha kwa petroli. Kisha nikafanya kama ulivyonifundisha: nikaipaka mafuta ya taa, nikaiacha, nikaifuta kavu, nikaipaka vumbi la chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka na kuchora mstari kwenye chaki. Haukutokea mstari. Sikuamini. Nikaitundika kwa waya kwenye boriti nikaigonga kwa spana namba kumi na saba. Ililia, Baba. Ililia kama kengele ya shule, ikakaa hewani muda mrefu, hata wenzangu wakageuka. Chuma chenye ufa hakilii hivyo. Chuma kile hakikuwahi kupasuka hata siku moja.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu nami. Alikuwa ameelewa kabla sijasema.

"Donc kumbe haikupasuka," akasema.

"Hapana, Mwalimu. Ni nzima."

"Lakini mi niliona mustari. Kwa chaki. Mustari mweusi, mwembamba."

Nikarudisha spana mezani. Nikamwambia kwamba mstari unaweza kuchorwa. Mtu akichovya waya mwembamba kwenye oili akaupitisha juu ya chaki, hakuna atakayeujua mpaka achukue spana agonge.

"We umejuaje?" akaniuliza.

Nikamwambia ni mambo ya mafundi. Alinitazama kidogo, kisha akatazama mvua.

"Alikuwa rafiki yangu kabisa," akasema. "Ni yeye alinisimamia kwa ndoa. Labda alikuwa na hizo heda za kuuza, labda nini, sijui. Amekufa sasa. Kama angekuwa muzima siwezi mugombeza. Ningemuuliza tu juu ya nini alinifanyia hivi. Niliamini yeye kuliko masikio yangu."

Kazi yenyewe ilinichukua siku nne. Bolti mbili zilikatikia ndani nikazitoa taratibu kwa keekee. Uso wa manifoldi ulikuwa umejipinda kidogo, nikausugua kwa msasa juu ya kioo mpaka ukakaa sawa. Nikaweka gasketi mpya, nikakaza kuanzia katikati kwenda pembeni, nusu mzunguko kila moja, nikawasha ipate moto, nikaacha ipoe, nikakaza tena. Ulipokuwa unanifundisha hivyo nilikuona mwoga. Siku ya kukabidhi, Mwalimu aliingia na mkewe wakakaa, nikawasha injini. Ilikuwa kimya, inasema chini kwa chini tu. Yule mama akaanza kulia bila kelele. Mwalimu akasema, "Nasikia saa." Nilidhani anauliza saa ngapi. Alikuwa anasikia saa ya gari, ile ya mshale iliyo mbele ya usukani. Akasema, "Miaka yote hii nilifikiri gari ndiyo imezeeka."

Walipoondoka nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki nikashindwa kula. Wenzangu walidhani nina malaria.

Baba, sasa nasema. Ule mstari niliujua kwa sababu niliwahi kuuchora. Niliuchora kwenye manifoldi ya gari lako.

Ulikuwa umelala na homa barazani, ukanituma nibadilishe gasketi. Mimi nilikuwa nimeshaziona heda kwenye gari moja la mashindano lililokufa, na nilitaka vijana wa Tabora wanisikie nikipita. Hakuna sababu kubwa kuliko hiyo. Ningependa iwepo. Nilichukua waya, nikachora, nikakuletea barazani. Ukaniuliza, "Umeigonga?" Nikakujibu, "Nimeigonga Baba, imelia kama gogo." Hukuigonga mwenyewe. Uliniamini ukasema basi, tafuta nyingine, na mimi nikafunga heda.

Unajua yaliyofuata. Gari liliungua kwenye barabara ya Nzega, na ulipotazama mabaki yake ukaona waya wa stata ndio ulioanza. Ukasema, "Huu waya niliufunga mimi. Mkono wangu umekwisha." Ukafunga gereji na hukushika tena gari la mtu. Nilisimama pembeni yako nikanyamaza. Waya ule uliufunga mahali pake hasa, Baba. Ulikaa salama kando ya manifoldi miaka yote. Heda ndizo zilizopita karibu nao zikauchoma, na heda nilizifunga mimi. Mwaka uliofuata nilipopanda lori kuja huku nilikudanganya tena, nikasema natafuta maisha. Nilikuwa nakimbia kukuona umekaa barazani na mikono mitupu.

Sikuombi unisamehe leo. Naona aibu, na ninaogopa. Yule fundi wa Goma alikufa na jibu lake, na Mwalimu atakaa bila jibu. Mimi ningali hai, nawe ungali unasikia.

Nisalimie mama mdogo, na asante kwa karanga alizonitumia, zilifika zimelowa lakini nilizila zote. Nisalimie mjomba fundi cherehani, mwambie suruali yake bado inanitosha, njaa imesaidia. Nisalimie shemeji yangu, mume wa Veronika, na watoto wao wote. Na wewe dada, kama umesoma mpaka hapa bila kuruka, najua sauti yako imekauka. Kunywa maji kwanza, kisha umalizie.

Nilimwambia Baba kwamba ile manifoldi niliiuza chuma chakavu. Sikuiuza. Niliogopa mnunuzi angeigonga mbele ya watu. Niliifukia nyuma ya jiko, chini ya lile jiwe la kufulia, upande wa ukuta. Niliipaka grisi nzito nikaifunga kwa mpira wa ndani wa tairi, kwa sababu hata siku ya uongo wangu nilikuwa mwanafunzi wa Baba, sikuweza kuacha chuma kizuri kile kioze.

Veronika, mwambie shemeji aifukue. Aifute vizuri, aitundike kwa waya kwenye boriti ya baraza, karibu na kiti cha Baba. Spana namba kumi na saba imo kwenye sanduku lake chini ya kitanda. Mpe mkononi, mkono wa kushoto.

Igonge, Baba. Safari hii igonge mwenyewe.

Mwanao,
Anselimu