Sitaingia Nyumba Yako

Yaya,

Dada yangu mkubwa, mtoto wako ameota meno mawili ya chini. Ananing'ata kidole, halafu anacheka. Ana kicheko chako, na mi siku zingine namwekea mama mapajani, natoka nje.

Jumapili bakwe zako, watu wa bwana yako, walitoka Swima, wakaja hapa Baraka na mbuzi. Baba mukubwa akaniita. "Mudogo anaingia kwa nyumba ya yaya yake. Ni vile tunafanyaka." Mi na miaka kumi na sita, niache shule, nikae na bwana yako. Mama alikuwa anaangalia magoti yake.

Nikafikiri juu ya ile neno ya Kiingereza, bear. Mi nilikuwa na Kifaransa ya shule na Kiswahili ya nyumbani. Kiingereza ulikileta wewe kutoka kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, we unanifundisha. Ulisema mwanzo wake ni kubeba tu. Watu wa zamani kule Ulaya walibeba mizigo, wakaita hivyo. Baadaye neno likapewa mti wenye matunda, mwanamke anayezaa, mtu mwenye jina la babu yake, hata shahidi mbele ya hakimu. Na yule anayevumilia. Nikakuuliza juu ya ule mnyama, dubu, naye wanamwita bear.

"Ule ni neno ingine, na hapa Fizi hauko. Twanga sombe."

Hukuniambia kwamba kwetu hizo maana zote zinawekwaka juu ya kichwa ya muntu mumoja. Ulibeba maji na mimba, mihogo na mimba. Siku ya kwanza wanaume wa Swima kukubebea kitu, walibeba sanduku lako la kuzikia. Nakukasirikia na wewe, Yaya. Ulivumilia sana, sasa wanafikiri ni damu yetu.

"We iko na haya tu," baba mukubwa akasema. "Utazoea. Mwanamuke anavumiliaka."

Unanijua, hata darasani siinuaki mkono. Nilikuwa nimeshika sinia ya chai, nikaiweka chini. Nikasema: "Mutoto nitamulea hapa, kwa mama. Kwa ile nyumba sitaingia."

Baba mukubwa akauliza nani alinifundisha kusema hivyo mbele ya wakubwa.

Mama ndiye alijibu. "Yaya yake."

Walirudi na mbuzi wao. Baba mukubwa anapita hapa bila kunisalimia, na mama anasalimiwa nusu. Bwana yako ametuma neno: mutoto akianza kutembea, atakuja kumukamata, amupeleke kwao. Sijui sheria inasema nini. Nitauliza. Nitafungua kinywa kwa watu nisiowajua.

Lala, Yaya. Siahidi kwamba nitashinda. Naahidi hivi: siku atakapokuja, mtoto atakuwa mgongoni mwangu, nimemfunga kitenge mara mbili, na mi nitakuwa nimesimama mlangoni.

Mudogo wako